Saga ya Khavere

Mke wangu aliitwa Khavere. Pale shule ya msingi hapa Kayole walimwita Mama Shamba. Mimi ni Patrobas, mume wake. Yeye amelala kaburini, nyumbani Maragoli. Mimi nimebaki hapa ghorofani, na kiti chake, na jiko lake.

Alikuja Nairobi akiwa bibi arusi wa juzi. Mimi nilikuwa kibarua kwa kiwanda cha sabuni, Industrial Area. Natoka giza, narudi giza, mikono imebabuka. Yeye aliuza mboga kando ya barabara miaka mingi, akibeba watoto, akizika mmoja, akisomesha Vivian, binti yetu, peke yake mpaka binti akaolewa. Baadaye akapata kazi ya kupika githeri, mahindi na maharagwe, pale shuleni.

Nyuma ya jikoni ya shule kulikuwa na kiwanja cha takataka. Watu wa ploti za jirani walitupa huko nepi na chupa. Khavere hakuomba ruhusa kwa mtu. Kila akimaliza kuosha sufuria aliokota, akachoma, akachimba. Watoto wakaanza kumsaidia. Mwalimu mkuu alipokuja kuuliza ni nani amelima, tayari kulikuwa na kunde, mrenda na saga, na mwalimu huyo mwenyewe alikuwa anazila na ugali kila mchana. Aliuliza, akarudi ofisini.

Hiyo saga ndiyo nataka kusema. Si saga hii ya sokoni. Shina la yake ni la zambarau, jani lake dogo, chungu kama dawa. Lakini ukiilaza na maziwa, kesho yake unalamba sahani. Mbegu alipewa na mama yake siku alipopanda basi kuja kwangu, na mama yake alipewa na wake. Kule kwao ilishakwisha. Mashamba yamekuwa majani chai na nyasi ya ng'ombe. Ilibaki kwa Khavere, Kayole, nyuma ya jikoni ya shule.

Alikuwa ananiambia, "Baba Vivian, njoo uone shamba."

"Nitakuja."

Sikuenda. Kwetu mboga ni mambo ya wanawake. Mwanaume anaijua mboga ikiwa kwa sahani.

Mwaka wake wa mwisho, kulikuja mwalimu mpya, Mkamba wa Machakos, anaitwa Wanza. Mwembamba, haketi. Aliliona hilo shamba akamwambia Khavere, "Mama, hapa watoto wa shule zingine waje wajifunze. Kuna mtoto wangu wa darasa la nne ameniambia sukuma wiki inatoka kwa kibanda."

Khavere alicheka mpaka nyumbani. Alinisimulia akikoroga ugali. Wakaanza. Wazazi wakaleta nguzo. Fundi mmoja akajenga banda lenye viti vya kukaa wageni. Wakaweka vizimba vya sungura, magunia ya kupandia mboga juu kwa juu, tanki la maji ya mvua, shimo la mbolea, na vibao vya majina ya mimea. Lango likahamishwa lielekee barabara, gari la wageni liweze kusimama. Njia ya kuingia ikawekwa mawe ya kabro. Ilipita hapo hapo kwa kitalu cha zamani cha saga.

Mwalimu Wanza alimuuliza kwanza. Khavere akasema, "Wekeni mawe yenu. Mbegu iko nyumbani, kwa mkebe." Akachagua mahali pengine, mbele ya banda kabisa, kila mgeni akikaa aione. Akasema atapanda mvua ikianza.

Mvua ilianza tukiwa matangani.

Siku ya kugawa nguo zake, jamaa zake walikaa chini ya turubali kule nyumbani. Kila mmoja akachukua chake, leso, sweta, viatu vya kanisa. Kadenyi, mdogo wake, anayeishi Nairobi mtaa wa Mukuru kwa Reuben, hakutaka nguo. Alisema, "Shemeji, mimi nipe mkebe wa dada. Ule ulio kwa jiko, Nairobi."

Nilikataa. Nilisema vitu vya jikoni visiguswe. Nilitaka nikirudi nikute kijiko pale alipokiacha. Kadenyi alinitazama, akasema, "Sawa. Jikoni ni yako sasa." Akaondoka bila kitu.

Nilirudi Kayole peke yangu. Nikakaa. Watu waliacha kuja, kama ilivyo. Siku moja nikatamani mrenda wa Khavere, ule unaovutika. Nikanunua majani kwa mama mboga wa chini. Mrenda unataka munyu, yale maji ya majivu. Nilikuwa nimemwona akitengeneza maisha yangu yote. Unatia majivu kwa kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji, yanadondoka kwa sufuria, rangi ya chai. Hayo unapikia.

Juu ya rafu kulikuwa na mikebe ya mafuta ya kupikia, yote ya rangi moja. Nikafungua mmoja. Majivu. Sikufungua mwingine. Nikayatia kwa kopo, nikamwagia maji.

Mrenda haukulainika. Nikafikiri majivu ni machache, nikaongeza maji. Siku nyingine nikaongeza tena. Kopo lilikaa juu ya sufuria karibu wiki, linadondoka, nami napika na yale maji, nakula mrenda mgumu na kujiambia ndiyo hali ya mwanaume kujipikia.

Nilipokwenda kumwaga yale majivu nikaona nyuzi nyeupe. Nyingi, kama uzi wa kushonea. Nikayapekua kwa kidole. Mbegu ndogo nyeusi, zote zimepasuka, zimetoa mzizi, zimekufa ndani ya yale majivu ya makaa zikitafuta udongo.

Wanawake wetu huweka mbegu kwa majivu zisiliwe na wadudu. Hilo hata mimi nalijua. Nilijua siku zote. Sikukumbuka tu. Na mkebe wa pili, nilipoufungua sasa, ulikuwa na majivu ya maganda ya maharagwe, laini, ya munyu. Ulikuwa karibu na mkono wangu kuliko ule mwingine.

Nilikaa kwa kiti chake mpaka jua likaondoka dirishani.

Mwalimu Wanza alikuja wiki hiyo hiyo. Alinipa pole, akanywa chai, kisha akasema, "Baba, kitalu cha mama tumekichimba na mbolea tumetia. Watoto wamekataa kipandwe kitu kingine. Tunangoja ule mkebe."

Nikasema, "Naitafuta hiyo mbegu. Vitu vimechanganyika."

"Hakuna haraka, baba. Wewe pumzika."

Alirudi. Nikasema naitafuta. Akarudi tena na watoto wa klabu ya shamba, wakajaa mlangoni. Kuna msichana mmoja mrefu, Aoko, mdomo hauna breki. Alisema, "Babu, tukusaidie kutafuta? Sisi tukisaka kitu hapa ndani dakika moja tu tumepata." Nikawaambia hapana, nyumba ni chafu. Mwalimu aliwarudisha chini. Alidhani namlilia mke. Nilikuwa namlilia mke, lakini si hilo tu.

Wakati huo ndipo nilikwenda kuliona shamba mara ya kwanza. Nilipita nje ya ua kama mtu anayepita tu. Kila kitu kilikuwa kimepandwa, kijani kila mahali, sungura wanatafuna. Mbele ya banda kulikuwa na kitalu kitupu, udongo mweusi umesawazishwa, na kibao kimeandikwa rangi nyeupe. Mimi nilisoma ngumbaru kidogo tu, lakini jina la mke wangu nalijua. KHAVERE. Na chini yake, udongo mtupu.

Nilikwenda duka la agroveti nikanunua mbegu ya saga. Pakiti niliichoma kwa jiko. Nikatoa majivu ya makaa, nikayachekecha kwa kichujio chake cha chai yawe laini, nikachanganya na mbegu, nikatia kwa mkebe wake. Nikaupangusa kwa nje, kisha nikaona umekuwa safi sana, nikaupaka masizi kidogo. Kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko kazi zote nilizowahi kufanya ndani ya hiyo jikoni.

Nikaupeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu Wanza aliupokea kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka. Watoto wakapiga makofi. Aoko akatia kidole ndani.

"Babu, mbona majivu ni moto?"

Nilijifanya nakohoa.

"Ni jua, wewe," Mwalimu akasema. "Baba ametembea na jua. Toa mkono."

Ilipandwa mbele yangu. Walinipa mimi niimwage ya kwanza. Nyingine niliimwaga nje ya kitalu na wakanihurumia.

Iliota yote. Saga ya duka haichagui, inaota kama nywele. Shina kijani, jani pana; Mwalimu akasema ni mbolea imeibadilisha. Ilikuwa nzuri kwa macho. Wageni wakaanza kuja, basi la shule moja kutoka Umoja, lingine kutoka Donholm, watoto wa mashati meupe wakishika pua kwa vizimba vya sungura. Mwalimu Wanza aliniomba niwe nakaa hapo bandani wakija. Alinipa koti la kijani. Alikuwa anawaambia, "Hii saga ilitoka Maragoli kwa mkebe. Mama alipewa na mama yake, na huyo kwa mama yake. Iko hapa peke yake. Mwulizeni babu huyu."

Wote wananigeukia. Mimi natikisa kichwa kukubali. Kila kundi, natikisa kichwa. Mtoto mmoja aliniuliza kama nilimpenda mke wangu sana. Nikatikisa kichwa hapo pia, na hilo ndilo peke yake lilikuwa kweli.

Nilikuwa nikirudi nyumbani nalala na viatu. Nilijiambia Khavere hana hasara, jina lake linatajwa kila siku. Halafu naona vile angesimama mbele ya kile kitalu, mikono kiunoni, auangalie ule ukijani, aniangalie mimi. Hangesema neno. Alikuwa na tabia hiyo.

Siku ya kufungua shamba rasmi, Mwalimu alialika familia. Vivian yuko mbali, hakuweza. Kadenyi alikuja kutoka Mukuru, na gauni la kanisa, na mkoba mkubwa kama wa safari.

"Shemeji!" alisema langoni. "Wamekuvika koti, umekuwa kama askari wa benki. Nikuonyeshe kitambulisho?"

"Ingia tu."

"Na mimi nilidhani hujui shamba liko upande gani."

Nilicheka, nikampitisha njia ndefu. Tulipita sungura. Tulipita magunia. Alisifu tanki, alisifu mbolea, alimwambia Mwalimu ana mikono ya kuotesha kama ya mama mzee. Kisha akafika mbele ya banda. Alisoma jina kwa sauti. Akainama, akashika shina, akaligeuza. Akachuma jani, akatafuna polepole.

Watoto walikuwa wamekaa bandani wote wanamtazama. Mwalimu alikuwa anatabasamu.

Kadenyi alisema kwa lugha yetu, bila kugeuka, "Shemeji, hii ni nini?"

"Saga ya dada yako."

"Mimi nimekula saga ya mama kabla sijaota meno. Ya dada iko wapi?"

Nikaangalia kibao. Alingoja. Akanitazama machoni mpaka akajua.

Mwalimu akauliza, "Mama anasema nini?"

Kadenyi akameza lile jani. Akasema kwa Kiswahili, akicheka, "Nasema imenawiri! Mnaipa nini, nyama?"

Watoto wakacheka. Aliketi kati yao, akapiga makofi kila hotuba. Aliniokoa mbele ya watu wote, na mimi ndimi nilimnyima mkebe. Angekuwa amenitukana ningelala vizuri zaidi.

Wageni walipoondoka nilimwita Mwalimu Wanza kando ya tanki. Nilimwambia yote. Ya munyu, ya agroveti, ya kichujio. Yalikuwa maneno machache kuliko nilivyoogopa.

Hakunikaripia. Alikwenda, akachukua gunia tupu, akafunika kile kibao, akafunga kamba chini. Akarudi.

"Nimewaambia watoto wangapi, baba?"

"Wengi."

"Hao wameenda. Hawa wa kwetu utawaambia wewe mwenyewe. Kesho."

Niliwaambia. Nilisimama bandani bila lile koti. Aoko akaruka. "Si nilisema! Si nilisema yalikuwa moto! Mwalimu ukaniambia jua!"

Mwalimu akasema, "Ulisema, Aoko. Nisamehe."

Mwingine akauliza, "Kwa hivyo babu, ile saga poa ya mama ulikula?"

"Sikuila. Niliiua."

Ile saga ya duka ilichumwa, ikapikwa, watoto wakala wakamaliza. Ilikuwa tamu. Kitalu kikabaki kitupu, na gunia.

Kadenyi hakuwa ameniongelesha tangu siku ile. Nilikwenda kwake Mukuru, nikamkuta anaanika nguo. Nilimwambia nataka kwenda Maragoli nitafute mbegu nyumba kwa nyumba, labda kuna mama mmoja bado anayo.

"Wewe? Mwanaume uombe mbegu ya mboga?"

"Ndiyo."

"Watakucheka mpaka Kisumu wasikie."

"Wacha wacheke."

Alianika shati, akalikung'uta, akalianika tena. "Basi sikuachi uende peke yako. Utaletewa bangi na hutajua tofauti."

Tulishuka basi Chavakali, huko Maragoli, asubuhi, kukiwa na ukungu. Tukaanza kutembea. Kila boma ilikuwa hivyo hivyo. Kadenyi anasalimu, mimi nasema ninachotaka, mwanamke anaita wenzake jikoni waje waone. "Njooni! Kuna mzee anaomba mbegu ya saga! Baba, utaomba na mwiko pia?" Wakishacheka, wanauliza. Mbegu ya mboga huwezi kuipata bila kuulizwa yako ilienda wapi. Lazima useme. Mwingine huziunguza, mwingine zake huliwa na kuku. Mimi nilisema kweli kila boma. Kadenyi alisimama kando akisikiliza, na hakunisaidia hata neno. Nadhani ndivyo alivyotaka, niseme hadi mdomo ukauke.

Wengi hawakuwa nayo. Mmoja alikuwa na ya shina kijani. Tulilala kwa ndugu wa Kadenyi, tukaamka tukaendelea, hadi mtoni chini, kwa mama mmoja mkongwe aitwaye Kageha. Alikuwa amecheza na mama wa akina Khavere utotoni. Alikuwa kwa mlango, miguu juani.

Nikamwambia. Aliposikia nilichuja munyu na mbegu ndani, alishika mbavu. Alicheka bila sauti, machozi yakamshuka. "Wiki nzima? Na ukala?" Akamgeukia Kadenyi. "Alikula mrenda wa makaa wiki nzima, huyu?"

"Alikula, mama."

Kisha akaacha kucheka. "Khavere alikuwa mtoto mkimya," alisema. "Mama yake alikuwa akimtuma kwangu kuchukua moto."

Akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Akatoka na kibuyu kidogo kimezibwa na kitambaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashina machache yamekauka, na hata mimi niliona yalikuwa na wekundu wa zambarau.

Nikanyoosha mkono.

"Si huo," Kageha alisema.

Akanipita. Akamtilia Kadenyi mbegu mkononi, akazifunga na vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. "Wewe ndiye wake. Umpandie dada yako."

Njiani Kadenyi alizishika mapajani, kwa kitambaa, mpaka Nairobi. Mimi nilishika mkoba wake. Karibu na Naivasha aliniuliza kama nina njaa, akanipa ndizi. Ndilo neno la kwanza zuri aliloniambia tangu matanga.

Zilipandwa Jumamosi. Kadenyi alikunja gauni, akaingia kitaluni na watoto, akawaonyesha kuzichanganya na mchanga zisianguke kwa fungu. Mwalimu Wanza alitoa gunia kwa kibao. Kulikuwa na basi la wageni siku hiyo, kwa hivyo walikuwa wamezungusha kamba, watoto wa mashati meupe wasikanyage. Aoko aliniita, "Babu, ingia, wewe si mgeni!"

Nilimwangalia Kadenyi. Alikuwa ameinama, anapanda. Hakuinua kichwa.

Nikamwambia Aoko hapa panatosha. Nikasimama nje ya kamba, pamoja na wageni, nikatazama vile mboga inavyopandwa.